Timbo, Mnazi na Rehani

Msafiri atokaye Mombasa kwa barabara ya Malindi, akisha kulivuka daraja la Nyali na kuipita Kongowea na zogo la soko lake, haendi mbali kabla hajaziona dohani za kiwanda cha saruji cha Bamburi. Na ubavuni mwa kiwanda hicho, mahali ambapo mtu asiyejua habari angetazamia kukuta vumbi na kifusi, atakuta msitu wa mivinje, na maji yaliyotulia kivulini, na ndege wa maji, na viboko, na twiga wanaolishwa kwa mkono na watoto wa shule. Wengi waingiao humo hulipa kiingilio, wakapiga picha, wakarudi makwao wameridhika, pasi na kutambua kwamba muda wote ule walikuwa wakitembea ndani ya shimo. Maana pale ni timbo. Na kuta zake, kwa mwenye kuinua macho juu ya vichaka, zingali zinaonyesha mahali jiwe lilipokatwa.

Jiwe la mwambao wetu ni matumbawe ya kale, yaliyojengwa na viumbe wadogo wa baharini zaidi ya miaka laki moja iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Bahari ilipoteremka yakabaki nchi kavu, yakawa jiwe la chokaa. Kulichimba si jambo la jana. Waliojenga Gedi na Takwa, na waliosimamisha misikiti ya Lamu, walikata mawe yao papa hapa pwani na kuchoma chokaa yao kwa tanuri za magogo. Lakini mtu wa mtaimbo hulila jiwe kama panya alavyo mkate, na mkate ukabaki mkate, ilhali mashine hulila kama moto ulavyo makuti.

Kiwanda kile kiliasisiwa mwaka 1951, saruji yake ya kwanza ikatoka mwaka 1954, na kwa muda wa miaka karibu ishirini jiwe likatolewa na shimo likaachwa. Kilichobaki kilikuwa jangwa: sakafu nyeupe iliyoteremshwa mpaka karibu na maji ya chini, na maji yenyewe yana chumvichumvi, jua lirudishwalo na weupe wa jiwe hata macho yasistahimili, na udongo, ule udongo mwembamba uliochukua karne nyingi kujikusanya juu ya tumbawe, ulikuwa umekwisha kukwanguliwa kabla mtu hajafikiri kwamba ungehitajika tena. Mwaka 1971 René Haller, bwana shamba wa Kiswisi aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda, akaanza kujaribu kulifufua timbo. Alipanda miti ya aina 26, na katika hizo zikasalimika 3 tu: mnazi, na mti mmoja wenye asili ya nchi ya Wasomali, na mvinje.

Mvinje ndio uliobeba mzigo. Mizizi yake hukaa bia na vijidudu vinasavyo nitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mti, na kwa sababu hiyo huweza kuishi mahali ambapo mti mwingine ungekufa njaa; wala chumvi haiushindi, maana ni mti wa ufukoni. Walakini mti kuota si udongo kupatikana. Majani ya mvinje, yale yaliyo membamba mfano wa sindano, yamejaa tanini, kitu kile kile kinachotumika kuitengeneza ngozi isioze, basi yakawa yanaanguka na kurundikana chini makavu, hayaozi, hayana faida. Ndipo akaonekana jongoo, yule mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu ambaye kila mtoto wa pwani humjua kwa masika, akiyala majani yale bila taabu. Haller akaagiza jongoo wakusanywe na kuachiliwa timboni kwa wingi. Wakala, wakanya, na kinyesi chao kikawa mboji, na juu ya mboji ile pakaota mimea mingine, ya kwanza kwa kupandwa na mingine kwa kuletwa na ndege na upepo. Mwaka 1984 lango likafunguliwa kwa umma. Miaka ishirini baadaye, wimbi kubwa la Desemba 2004 lilipomtenga mtoto wa kiboko na mama yake karibu na Malindi, akaletwa pale na kufanya usuhuba na kobe mkongwe aitwaye Mzee, na habari zao zikaenea dunia nzima na kuandikiwa vitabu. Jongoo hakuandikiwa kitabu, ingawa yeye ndiye aliyewatandikia wote wawili pa kulala.

Nimeieleza habari hii kwa kirefu kwa kuwa naipenda, na kwa kuwa nataka kuieleza vizuri kabla sijaikataa. Siikatai kazi yenyewe. Naukataa ushahidi ambao watu wameufanya kutokana nayo. Kila panapozuka shauri la machimbo mapya katika nchi zetu, na wananchi wakauliza ardhi yao itakuwaje, hakosekani mtu wa kusimama na kusema: nendeni Bamburi mkatazame. Mimi nimekwenda, zaidi ya mara moja, na rai yangu ni kwamba Bamburi ni shahidi wa kweli aliyeitwa katika kesi isiyo yake.

Jiwe la chokaa halina sumu. Timbo lake likiachwa huwa tasa, lakini haliui. Saruji, fauka ya hayo, ni mali nzito yenye bei ndogo, isiyostahimili gharama ya kusafirishwa mbali, na kwa hiyo kiwanda chake hukaa karibu na jiwe lake na karibu na wanunuzi wake kwa miaka sabini, na mwenye kukaa miaka sabini penye macho ya jirani hujali jirani anaona nini. Pakawa pia na mtu mmoja mwenye subira aliyepewa nafasi ya kushindwa mara nyingi, jambo ambalo waajiri wachache hulikubali. Pamoja na baraka zote hizo, kazi ilianza ikiwa imechelewa miaka karibu ishirini, na mwisho wake haukuwa kurudisha kilichokuwapo. Timbo limekuwa bustani, na bustani ni jambo jema. Ila asiingie mtu humo akadhani ameona ardhi iliyorudishwa. Ameona ardhi nyingine.

Shahidi aliye karibu zaidi na kesi yetu yuko ng'ambo ya Likoni, katika kaunti ya Kwale. Huko, katika vilima vya mchanga mwekundu vya Maumba na Nguluku, kampuni ya Base Titanium ilichimba kwa muda wa miaka kumi na moja, tangu mwaka 2013 hata mwisho wa mwaka 2024, ikitafuta ilmenaiti na rutaili, ambazo ndizo asili ya ule weupe wa rangi za ukutani na wa plastiki, pamoja na zirikoni itumikayo katika vigae. Kilima chekundu cha Kidigo kimeisafishia dunia kuta zake. Mamia ya kaya zilihamishwa ili mashine zipite, na shehena ya kwanza ikapakiwa melini Likoni mwaka 2014.

Machimbo ya namna hii hayaachi shimo kubwa, na hiyo ndiyo tofauti yake na timbo la jiwe. Madini yatakiwayo ni sehemu chache tu katika mia ya mchanga. Basi kilima husukumwa kwa mashine au hubomolewa kwa maji yenye nguvu, tope likapelekwa kwa mabomba mpaka mtamboni, madini mazito yakatengwa na mchanga mwepesi, na mchanga ule mwepesi, ambao ndio karibu wote, ukarudishwa ulikotoka. Mtu angesema basi, pana hasara gani? Kilitolewa kikapu, kikarudishwa kikapu kasoro konzi. Lakini mchanga uliokwisha kuoshwa si mchanga uliochimbwa. Ule wa awali ulikuwa umechanganyika na udongo wa mfinyanzi uliouwezesha kushika maji ya mvua mpaka muhogo uyanywe. Mtamboni mfinyanzi huoshwa na kutengwa, na mchanga ukarudi mweupe wa moyo, wa kupitisha maji kama chujio la nazi. Ndiyo sababu kazi ya kweli ya kuurejesha ni kuuchanganya tena mchanga na mfinyanzi wake, kwa kiasi kinachofaa, kabla ya kutandika juu yake udongo wa juu.

Na huo udongo wa juu ndio siri ya jambo zima, ijapokuwa katika mikutano ya wakubwa hautajwi ila kwa kupita. Unene wake ni shubiri moja au mbili. Humo ndimo zilimo mbegu zinazongoja mvua, na mboji, na nyungunyungu, na uyoga usioonekana ushikanao na mizizi, na vyote hivyo ni vitu vyenye uhai, vinavyohitaji hewa. Ukaukwangua udongo huo na kuurundika kilima kirefu kwa miaka mitano, wa chini ya rundo hufa kwa kukosa pumzi, na siku utakapoutandaza utakuwa umetandaza maiti. Mchimbaji mwenye maarifa hupanga kazi yake ili udongo unaokwanguliwa leo upande wa mbele utandazwe leo hii upande wa nyuma, mahali alipokwisha kuchimba. Na kwa hiyo kurejesha ardhi si kazi ya mwisho, kama kufagia ukumbi baada ya arusi, bali ni kazi iliyo ndani ya kuchimba kwenyewe, na asiyeianza na ndoo ya kwanza hataiweza baada ya ndoo ya mwisho, hata angekuwa na mali ya Karuni. Katika hili Kwale imekuwa na faida ambayo Bamburi haikuwa nayo, maana udongo wa juu uliwekwa akiba na sehemu zilizokwisha kuchimbwa zikaanza kutandazwa na kupandwa wakati machimbo yangali yakiendelea. Mwenye insafu hana budi kulisema hilo.

Lakini tazama mambo mawili. La kwanza ni wenye dhima. Waliotafuta ruhusa ya kuvichimba vilima vile walikuwa kampuni ya Kanada, Tiomin. Mwaka 2010 mradi ukauzwa kwa Base Resources ya Australia. Na mwezi Oktoba 2024, miezi michache kabla mashine hazijazimwa, Base yenyewe ikanunuliwa na Energy Fuels ya Marekani. Bamburi vilevile, baada ya kupita katika mikono ya Wazungu wa nchi mbalimbali, mwisho wa mwaka 2024 ikaingia katika mikono ya Amsons wa Tanzania, na hilo kwangu si habari mbaya hata kidogo. Sisemi kwamba aliyenunua ni mbaya kuliko aliyeuza. Nasema kwamba ahadi ya ardhi ilitolewa na mtu mmoja, ikarithiwa na wa pili, na kudaiwa kwa wa tatu, ambaye yamkini hakupata hata kukiona kilima chenyewe kilipokuwa kilima. Na lau madini yangeshuka bei na wa tatu akafilisika, mdai angebisha hodi katika nyumba isiyo na mtu.

Jambo la pili ni mpaka. Mashamba ya pwani yetu, kwa sehemu kubwa, hayakupimwa kwa minyororo ya wapima ardhi. Yalipimwa kwa kumbukumbu. Mpaka wa fulani ni ule mwembe, kisha bonde lile, kisha mbuyu, kisha safu ya minazi aliyoipanda babu yake. Kilima kikibomolewa na kutandazwa upya, hata kikitandazwa vyema na kupandwa miti ya asili, mwembe haupo, bonde halipo, mbuyu haupo. Utairudisha ardhi, naam, lakini utamrudishia nani ipi? Sasa Kwale wanabishana kuhusu ardhi ile iwe ya nani na ifanyiwe nini, iwe mashamba, au viwanda, au msitu, au irejee kwa waliohamishwa. Na mabishano hayo, ambayo yangepasa kumalizwa kabla mche mmoja wa mkorosho haujang'olewa, yanafanywa baada ya kampuni kufunga mabegi.

Bara kuna machimbo ambayo kwayo haya yote ni mchezo wa watoto. Machimbo ya dhahabu mara nyingi huacha shimo lisilojazwa tena. Huacha milima ya mawe ambayo watu wa Geita huyaita magwangala, na mabwawa ya topesumu ambayo kuta zake sharti ziangaliwe daima dumu. Machimbo ya Buzwagi huko Kahama yalianza mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021: mtoto aliyezaliwa yalipoanza hakuwa amemaliza hata shule ya msingi yalipofungwa. Serikali ya Tanzania imeamua eneo lile liwe la viwanda, na uamuzi huo una busara yake, kwa kuwa umeme upo, barabara ipo, majengo yapo. Ila shimo nalo lipo, na litakuwapo wakati viwanda hivyo vitakapokuwa vimesahauliwa.

Sasa naiweka rai yangu. Kwa ada ya kwetu, mtu akibanwa na haja ya fedha huweka minazi yake rehani. Mwenye fedha huangua nazi, azile au aziuze, mpaka siku deni litakapolipwa. Lakini mnazi si wake. Hana ruhusa ya kuukata kilele, na akiuua analo la kujibu. Mambo hayo hufanywa mbele ya mashahidi, wazee wanaoijua minazi yenyewe mmoja mmoja, na mwenye fedha akifa, warithi wake huirithi rehani kama ilivyo, pamoja na dhima yake. Hawezi mrithi kusema, mimi sikuwapo. Leseni ya kuchimba ni rehani. Taifa lenye haja humpa mgeni ruhusa ya kuangua nazi zilizo ardhini. Ila wanasheria wetu, waliosomeshwa ng'ambo, wameiandika kana kwamba ni uuzaji, na wakaitia ardhi mwishoni, katika vifungu vya mazingira.

Sitawaonea. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016, na ile ya Tanzania ya mwaka 2010, zote mbili zinamtaka mchimbaji awe na mpango wa kufunga machimbo na aweke dhamana ya kurekebisha ardhi. Sheria ya Kenya imegawa hata mrabaha: 70 katika mia kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali penyewe. Kila mwenye mdomo amepata fungu lake. Ardhi, kwa kuwa haina mdomo, imeachiwa dhamana, na dhamana ndiyo kitu ambacho mwananchi wa kawaida hakijui kiasi chake, wala kiko wapi, wala nani mwenye ufunguo. Basi nasema dhamana hiyo iwe fedha taslimu, isiwe karatasi ya ahadi. Ikae katika mikono ya tatu, isiyo ya mchimbaji wala ya wizara inayopokea mrabaha. Ihesabiwe upya kila mwaka kwa kadiri ya eka zilizofunuliwa. Na ihesabiwe kwa gharama ambayo mtu baki angedai kuifanya kazi ile, si kwa gharama ambayo mchimbaji mwenyewe, mwenye mashine zake papo hapo, anasema itamtosha. Kiasi chake kibandikwe katika ofisi ya chifu, kisomwe na ajuza na mwanafunzi. Na kabla ya yote hayo, mpaka wa kila shamba upimwe mbele ya majirani, vipimo viandikwe, na nakala abaki nayo mwenye shamba.

Juu ya mpaka natia mkazo kuliko fedha, na sababu yake si ya vitabuni. Marehemu ami yangu alikuwa na shamba upande wa kaskazini, mahali ambapo mawe ya kuchonga hukatwa kwa ajili ya nyumba za watu. Akaja mtu, simtaji, akalikodi kwa miaka mitano, akakata mawe kwa miaka mitatu, akatoweka. Akaacha shimo la kimo cha watu wawili lenye kingo zilizosimama wima kama ukuta, ambamo kila masika hukusanyika maji na mbu, na ambamo mbuzi wa jirani alitumbukia tukamtoa kwa kamba. Ami yangu na jirani yake, watu waliosali safu moja tangu ujana, wakagombana juu ya nusu ya shimo lile, kila mmoja akisema nusu ya kusini si yake bali ni ya mwenzake, maana hakuna aliyetaka dhima ya mbuzi. Baada ya maziko tulilifungua sanduku lake tukaukuta mkataba, umekunjwa mara nne, una dole gumba lake na sahihi ya mpangaji. Ndani yake ilikuwamo hesabu ya miti yote iliyokatwa, na fidia yake: minazi kumi na minne, miembe miwili, mkwaju mmoja, kila mti na bei yake. Mahali kila mti ulipokuwa umesimama hapakuandikwa.